Barua ya wazi kwa Afisa Utamaduni wa Mkoa wa Kigoma: uovu wa kale tuupime wote

Shikamoo mheshimiwa. Najua una mafaili kibao mezani ila hii naomba uisome, maana huku Ujiji tukikaa kwenye kahawa ubishi hauishi, nani kwenye historia aitwe muovu na nani tuseme alikuwa mtu wa zama zake tu.

Hiyo "mtu wa zama zake" ndo inayoniudhi. Carl Peters, yule mkoloni wa Kijerumani waliyemwita Mkono wa Damu, alimnyonga mtumishi wake na binti aliyekuwa hawara yake kule Kilimanjaro, na Wajerumani wenzie wakamfukuza kazi 1897. Wajerumani wa zama hizohizo! Sasa sisi tumtetee kwa lipi? Mfalme Leopold wa Ubelgiji naye hakuwahi kukanyaga Kongo, koloni lake mwenyewe, watu huko walikatwa mikono kisa utomvu wa mpira, mpaka kelele za wazungu wenyewe zikamfanya aachie koloni 1908. Huyo wala hahitaji kikao.

Kazi ipo kwa waliopita hapa kwetu. Ukimtaja Tippu Tip, yule tajiri wa pembe za ndovu na watumwa, wazee wengine wanakwambia alikuwa mfanyabiashara, muungwana, tena kaandika maisha yake kwa Kiswahili, na ni kweli, lakini pembe zake zilibebwa na nani? Julai 1871 kule Nyangwe, Kongo, watu wa wafanyabiashara walimiminia risasi wanawake sokoni (Tippu Tip hakuwepo, tusimsingizie), Livingstone, yule mmisionari wa kizungu, akashuhudia akarudi Ujiji kavunjika moyo. 1873 Sultani Barghash akasaini kufunga soko la watumwa Unguja. Kwa hiyo hakuna wa kusema hakujua, na bado 1887 Tippu Tip akakubali ugavana na mshahara wa Leopold huyohuyo. Mimi namwita muovu, anayebisha aje.

Na Stanley, yule mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta Livingstone, je? Sisi tunamjua kwa kupeana mkono na Livingstone pale kwenye mwembe basi, wakati kuanzia 1879 alikaa miaka kama mitano akimtengenezea Leopold njia na mikataba ya kuichukua Kongo.

Mirambo, yule mtemi wa Wanyamwezi, ndo ananipa shida. Aliwapiga Waarabu wa Tabora, akafunga njia ya kuja huku, napenda sana hiyo stori, ila rugaruga wake, yaani wapiganaji wake, walichoma vijiji vya Waafrika wenzao na kuteka watu. Simweki kapu moja na Leopold, alikuwa anajenga dola yake kwenye ardhi yake, lakini aliyechomewa nyumba hakuulizwa.

Ombi langu mheshimiwa, watoto wa shule wakiletwa pale kwenye mnara wa Livingstone wasimuliwe na Nyangwe, na kazi ya Stanley kwa Leopold, na rugaruga pia, halafu waachwe wabishane wenyewe kabla basi halijaondoka.

Mimi mkazi wa Ujiji