Mdogo wangu, salamu peke yake hazitakufanya mwenyeji

Mdogo wangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema watu wa huko ulikohamia ni wema, wanakusalimia njiani, wanaulizia watoto, lakini huu ni mwezi wa tano tangu uhamie na bado unajiona mgeni. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu swali hilo wanalo wengi waliotoka mji mkubwa kwenda mji mdogo au kijijini, na jibu wanalopewa mara nyingi ni "vumilia, watakuzoea." Kuvumilia hakutoshi. Kuna mambo ya kufanya.

Nianze na neno ambalo huenda lisikupendeze. Kinachowashika watu wa sehemu ndogo pamoja si wema. Wema upo hata kwenye majiji. Kinachowashika ni kudaiana. Kila mmoja pale ana kitu kidogo anachodaiwa na mwenzake na kingine anachodai, na hakuna anayeharakisha kuifunga hesabu hiyo. Wewe umefika na mazoea ya jijini: ukiazima ngazi asubuhi unairudisha mchana na ahsante ya pesa juu yake, ukisaidiwa kuingiza kabati ndani unalipa palepale. Jijini huo ni ustaarabu. Huko ulipo unamwambia jirani, bila kujua, kwamba hutaki akudai chochote, na asiyetaka kudaiwa hataki kujuana.

Kwa hiyo azima. Anza na kitu ambacho mwenyewe anakitumia mara chache: ngazi, toroli, msumeno. Usiazime jembe msimu wa kulima. Sema siku utakayokirudisha na ukirudishe siku hiyo hiyo, kikiwa kisafi, na kama ni cha makali, kikiwa kimenolewa. Usilipe. Acha wiki moja au mbili zipite, kisha mfanyie jambo lingine lisilolingana na lile: mwandikie barua ya ofisini, mwangalizie mifugo akisafiri. Ukilipa kinacholingana sawasawa, deni limekwisha na mmerudi kuwa watu wawili wasiohusiana. Na wewe uwe na vyombo vyako vya kuazimwa. Andika jina kwenye mpini kwa rangi ya mafuta, maana kitu kinachopita mikono minne hurudi kwa mtu wa tano, na ugomvi mwingi wa majirani huanza na nyundo isiyojulikana ni ya nani.

Jambo la pili ambalo huenda hujaliona: huko mtu mmoja ana kofia nyingi. Mwalimu wa mtoto wako ndiye katibu wa kikundi cha akiba, ndiye shemeji wa fundi wako, na shamba lake limepakana na lako. Jijini mnashikana na mtu kwa uzi mmoja tu, na uzi huo ukikatika unatafuta mwingine. Huko mnashikana kwa nyuzi nne au tano, na ndiyo sababu ugomvi wa huko unachukua muda kupoa lakini mara chache unafika mwisho wa kutoonana kabisa. Ukimfokea fundi, umemfokea na katibu. Watu wanakuwa waangalifu na maneno kwa sababu hiyo, nawe jifunze uangalifu huo mapema.

Ukitaka kuyaona haya kwa macho yako, nenda kwenye pampu ya mkono alfajiri. Foleni ile si ya maji tu. Pale ndipo inajulikana nani anaumwa, nani amepata mgeni, mtoto wa nani hajaonekana shuleni. Na pampu yenyewe ni kipimo cha hali ya umoja kilicho sahihi kuliko hotuba yoyote ya mkutano.

Sikiliza jinsi ya kuipima. Pampu ikishapumzika nusu saa, anza kusukuma mkono na uhesabu. Maji yakitoka kabla ya kusukuma mara tano, hapo sawa. Yakizidi mara tano, kuna maji yanarudi kisimani: valvu ya chini, yaani kile kilango kinachozuia maji yasirudi, imechoka au bomba limepata ufa. Halafu jaza ndoo ya lita 20 na uhesabu misukumo, uandike. Rudia mwezi ujao kwa mwendo uleule. Idadi ikipanda mwezi hadi mwezi, mpira wa pistoni, kile kipande kinachopanda na kushuka bombani kuinua maji, unaliwa. Ukisikia chuma kinasaga chuma kwenye mkono, bushi, yaani vile vikombe vidogo ambamo ekseli ya mkono huzunguka, zimekwisha, na hapo usingoje, kwa sababu bushi iliyokwisha hula chuma kilichoishikilia, na bei ya chuma hicho ni mara nyingi ya bei ya bushi.

Aina ya pampu ya mkono iitwayo Afridev, ambayo ilikuzwa miaka ya 1980 kwa kazi zilizofanyika Malawi na Kwale, Kenya, ilitengenezwa makusudi ili wanakijiji waitengeneze wenyewe. Spana moja inatosha kwa sehemu kubwa ya kazi. Fimbo zinavutwa juu pamoja na pistoni kupitia ndani ya bomba, bila kulitoa bomba lenyewe ardhini. Watu wachache waliofundishwa wanabadilisha mpira asubuhi na foleni inaendelea siku hiyo hiyo. Mpira na bushi hubadilishwa kila mwaka hata kama hazijaleta shida.

Sasa, kama kazi ni rahisi namna hiyo, kwa nini pampu nyingi zinakaa zimekufa miezi? Hapa ndipo ninapotaka uelewe vizuri. Mara nyingi mpira umekosekana kwa sababu mchango unaanza kuitishwa baada ya pampu kuharibika. Siku hiyo kila kaya inapiga hesabu yake: mwenye kisima cha karibu hatoi, mwenye mtoto wa kutuma mbali anasubiri wengine watoe, aliyetoa mara iliyopita anauliza pesa zile zilikwenda wapi. Swali hilo la mwisho ndilo linaloua. Likiulizwa na hakuna daftari la kufungua mbele ya watu, hata mtunza hazina mwaminifu anaonekana mwizi, na mwakani hakuna atakayetaka kazi yake.

Dawa yake ni ya kawaida sana. Mchango mdogo, tarehe ileile, pampu ikiwa nzima. Daftari linasomwa kwa sauti kila mwezi, kila kilichoingia na kila kilichotoka, hata kama waliokuja ni sita. Vipuri vinakuwa ndani kabla havijahitajika: mipira miwili ya pistoni, seti ya bushi, raba za valvu. Mafundi wawe wawili, kwa sababu mmoja akisafiri au akinuna kijiji kizima kinabaki na kiu, na angalau mmoja awe mwanamke, kwa kuwa wanawake ndio wanaoushika mkono wa pampu kila siku na wanaosikia mlio ukibadilika. Na asiyelipa asinyimwe maji mara ya kwanza. Jirani amkumbushe. Mara ya pili faini ndogo. Mara ya tatu aulizwe mkutanoni. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009 kwa kuchunguza jinsi watu wanavyotunza mali ya pamoja bila kungoja serikali wala mfanyabiashara, aliikuta ngazi hii ya adhabu zinazopanda polepole katika jamii nyingi zilizofanikiwa kutunza maji, malisho na misitu yao. Adhabu kubwa ya mara moja humfanya mkosaji adui. Adhabu ndogo humwachia njia ya kurudi.

Ostrom alitumia pia mfano wa kijiji cha Törbel kwenye milima ya Uswisi, na napenda ukumbuke kanuni yao ya mwaka 1517: hakuna aruhusiwaye kupeleka kwenye malisho ya pamoja ng'ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha mwenyewe majira ya baridi. Ona akili iliyomo. Hakuna haja ya mkaguzi wa kuhesabu nyasi mlimani. Majani makavu uliyoyahifadhi yako ghalani kwako, jirani anayaona. Kanuni nzuri ya pamoja ni ile ambayo kila mpita njia anaweza kuikagua kwa macho. Mkianza kupanga zamu za maji huko kwenu, chagueni kanuni za namna hiyo: ndoo ngapi, siku gani, lango lipi. Mkipanga kwa saa na dakika mtagombana, maana kila mtu ana saa yake.

Vivyo hivyo kwenye kazi za mikono. Mfereji ukisafishwa, kata kazi kwa urefu, usikate kwa muda. Pimeni kwa kamba, pigeni vigingi, kila kaya ipate kipande chake. Penye mawe au mizizi kipande kiwe kifupi, na vipande vigawanywe kwa kura. Mwenye nguvu atamaliza mapema aende zake au amsaidie mzee wa kipande cha pili, na hiyo ya pili hutokea mara nyingi kuliko unavyodhani. Mkisema "kila mtu afanye kazi mpaka saa sita," watakuwepo wanaosimama na jembe begani, na wanaochimba watawaona. Huko Valencia, Uhispania, wakulima wa mifereji wana baraza lao la maji linalokaa kila Alhamisi adhuhuri kwenye mlango uleule wa kanisa kuu. Wanaoamua ni wakulima wenyewe waliochaguliwa na mifereji yao, mashauri yanasemwa kwa mdomo, na hukumu inatolewa papo hapo. Mahali panapojulikana, saa inayojulikana, waamuzi wanaotumia maji yaleyale. Malalamiko yasiyo na mahali pa kupelekwa hugeuka kuwa umbea.

Kuhusu umbea wenyewe sitasema mengi. Unaumiza, lakini ndio unaowafanya watu wajue nani wa kuaminiwa na ufunguo. Usiulishe, na usijifanye huusikii.

Umeniuliza kama ujiunge na kikundi cha kuweka na kukopa. Jiunge, lakini kwanza omba kuhudhuria vikao viwili ukiwa mtazamaji, na uangalie haya. Wanachama wawe kati ya 15 na 25. Wakizidi hapo kikao kinavuka saa mbili, watu wanaanza kutuma pesa kwa watoto, na kikundi ambacho wanachama wake hawaonani kimebaki benki isiyo na ulinzi. Kasha la pesa za kikundi liwe na kufuli tatu, funguo zikae kwa watu watatu, na mtunza kasha asiwe mmoja wao. Pesa zihesabiwe na watu wawili mbele ya wote. Kila mtu anunue hisa, yaani kipimo cha akiba cha bei moja kwa wote, moja hadi tano kwa kikao, ili mwenye uwezo asimeze kikundi. Mkopo usizidi mara tatu ya hisa za mtu. Mwisho wa kikao kiasi kilichobaki kinatajwa kwa sauti na kila mwanachama anakishika kichwani. Kikao kijacho, kabla kasha halijafunguliwa, wanaulizwa kilikuwa kiasi gani. Mtazame mama asiyejua kusoma akitaja kiasi hicho bila kukosea, halafu kasha likafunguliwa na pesa zikawa hizo hizo. Hakuna karatasi ya benki inayompa mtu heshima ile. Mtindo huu ulianzia Niger mwaka 1991 kwa vikundi vya wanawake vilivyosaidiwa na shirika la CARE, na leo umeenea nchi nyingi.

Uliza pia habari ya mfuko wa jamii. Huo uko kando na hisa. Wote wanachangia sawa, na unatoka kwa msiba, ugonjwa au moto. Halafu uliza mzunguko unavunjwa lini. Kikundi kizuri huvunja kasha kila miezi tisa hadi kumi na miwili, kinagawana chote, kisha kinaanza upya. Siku hiyo ndiyo ukaguzi wa kweli, na anayetaka kuondoka anaondoka bila kugombana na mtu. Ukisikia mkopo umetolewa nje ya kikao, "kwa dharura," hata kwa mtu mwema, jua kuwa hapo ndipo vikundi huanzia kufa.

Kwenye msiba usiulize "nisaidie nini?" Wafiwa hawana nafasi ya kukupangia kazi. Tafuta anayeratibu, umwambie jambo moja utakalolifanya mpaka mwisho: nitaleta maji ya leo na kesho, nitalala na watoto hawa, nitapokea wageni wa stendi. Lifanye. Kisha rudi siku ya kumi, watu wakishatawanyika na nyumba imekuwa kimya. Siku hiyo wanaokuja ni wachache mno.

Na nisikufiche upande mwingine. Umoja huu una watu unaowaacha nje: asiye na cha kuchangia, mjane asiye na kijana wa kutuma kwenye mfereji, anayeishi tofauti na wengine. Asiye na pesa huacha kuja mkutanoni kwa aibu muda mrefu kabla hajatolewa. Ukipata nafasi ya kusema, pendekeza kila mchango uwe na njia mbili, pesa au siku za kazi, na ziandikwe kwenye daftari kwa uzito sawa, pasiwepo safu ya "waliosamehewa."

Jumamosi wakisafisha mfereji, fika mapema na jembe lako. Pokea kipande chochote kura itakachokupa. Wakihitaji wa kuandika, jitolee kuwa msaidizi wa katibu, usiwe katibu. Na kikundi kikikuomba ushike mmoja wa zile funguo tatu, kubali, ila hakikisha kasha lenyewe halilali nyumbani kwako hata usiku mmoja.