Mmemtaja kila mtu, aliyeandika noti je?

Mhariri, asalaam aleikum na poleni na kazi. Mie msomaji wenu wa siku nyingi, napiga fidla kwenye kikundi cha taarab hapa Ng'ambo, Unguja, na siyo mtu wa kuandika barua gazetini ila hii ya wiki iliyopita imenikaa rohoni. Ile makala yenu ya mchezo wa jukwaani wa The Lion King, ule ulioanza Broadway, kwenye majumba makubwa ya maigizo ya New York, 1997, mmewataja Elton John na Lebo M wa nyimbo, Julie Taymor mwongozaji na vinyago vyake mkampa safu nzima, halafu mkapoteza nafasi kubishana kama hakuna matata ni Kiswahili cha wenyewe au cha watalii (cha watalii, sie huku tunasema hamna neno, yameisha). Ila waliokaa chini wakapanga fidla ipige nini, filimbi iingie wapi, ngoma inyamaze saa ngapi, hata herufi moja hakuna. Wanaitwa Robert Elhai, David Metzger na Bruce Fowler. Hawakujificha, wametajwa rasmi kabisa kwenye mchezo wenyewe.

Najua wapo watakaosema huyu naye anadai nini, mtunzi si ndo mwenye wimbo? Haya nisimulie yaliyonipata. Kuna siku tulikuwa na harusi, mie ndo nimeandika noti za fidla nne, chelo na akodioni, kazi ya wiki mbili usiku usiku baada ya kutoka dukani. Jioni ya kuamkia shughuli bibie mwimbaji kaja na mafua, sauti haipandi, akaomba tushushe toni moja tu. Toni moja tu! Wazee wanaopiga kwa sikio wakasema poa, mpiga kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, akaanza kugeuza vijichuma vyake, na sie wa makaratasi tukatazamana. Nikalala saa kumi alfajiri nimeandika upya kila kitu, na bado ukurasa wa tatu wa fidla ya pili niliusahau kwenye toni ya zamani, yule kijana akapiga kama karatasi inavyosema maskini, ukumbi mzima ukageuka. Watu wakamlaumu yeye.

Sasa Broadway hilo ndo la kila siku. Mtunzi mara nyingi analeta wimbo na piano basi, waigizaji wanafanya mazoezi kwa piano wiki na wiki, huku dansi inarefushwa, wimbo unatupwa, mwingine unashushwa kwa ajili ya koo la mtu fulani, na mpangaji wa okestra anaachiwa siku zilizobaki aandikie bendi nzima, mstari mmoja mmoja kwa kila chombo, na mpiga zumari mmoja huenda kashika klarineti, filimbi na saksofoni kwa zamu so lazima umpe nafasi ya kubadilisha. Analipwa kwa ukurasa, na ukurasa unahesabiwa vipimo 4 vya muziki. Halafu kuna kondakta, siyo wa daladala, yule anayesimama shimoni mbele ya jukwaa, jicho moja kwa wapigaji jingine kwa mwimbaji, mwimbaji akiruka beti ni yeye wa kuwavusha wote.

Kuna mpangaji wa okestra mmoja, Mmarekani, Robert Russell Bennett, kazaliwa Kansas City 1894. Utotoni alipata polio, wazazi wakahamia shamba, baba ana bendi, mama anafundisha piano, mtoto akawa mtu wa kuzibia nafasi, leo huyu hakuja anapiga yeye, kesho yule hayupo anapiga yeye, ndo maana vyombo alivijua kwa mikono. 1916 akaingia New York, akaanza kwa kunakili noti za wenzake. Baadaye alishakuwa na kazi zake Broadway lakini akafunga safari mpaka Paris kusoma kwa mwalimu wa muziki Nadia Boulanger, na hapo mie namvulia kofia maana wangapi wetu tukishaanza kuitwa kwenye maharusi tunarudi darasani? Michezo ya muziki Show Boat 1927, Oklahoma! 1943, South Pacific 1949, My Fair Lady 1956 akisaidiana na Philip J. Lang, The Sound of Music 1959, okestra zote hizo zimepita kwenye kalamu yake.

Iliyonimaliza mie ni Victory at Sea, vipindi vya TV vya vita vya baharini, 26, nusu saa kila kimoja, 1952 mpaka 1953. Muziki wa mtunzi Richard Rodgers, ndivyo ilivyoandikwa. Rodgers alitoa vipande 12 vifupi vya piano. Kumi na mbili! Bennett akavitanua mpaka vikapita saa 11 za muziki na akasimama mwenyewe kuongoza okestra kurekodi.

Tuzo za Tony, zile za michezo ya Broadway, nazo zilikuwa na ya kondakta tangu 1948, baada ya 1964 wakaifuta. Ya mpangaji wa okestra haikuwepo mpaka 1997, wa kwanza kuichukua Jonathan Tunick. Bennett alikufa 1981. Tony ya heshima wakampa 2008, miaka 27 yuko kaburini, mwaka ambao South Pacific ilirudishwa New York na okestra ya watu 30, na muziki wa ufunguzi ukipigwa sakafu ya jukwaa inarudi nyuma watu wawaone wapigaji. Natamani ningekuwepo.

Sasa mhariri, makosa ya Wamarekani waachieni wenyewe, mie nawaomba la hapa kwetu. Kanda zetu za zamani juu limeandikwa jina la mwimbaji na la kikundi, wakati mwingine mshairi. Zile fidla zinazoingia kabla ya beti, ambazo mtu akizisikia tu kashajua wimbo gani, nani alizipanga? Yupo mzee mmoja mtaani kwetu alizipanga nyingi, madaftari yake yamo kwenye mkoba chini ya kitanda na mchwa wameshaonja la kwanza. Mwandishi wenu akitaka nitamfikisha mwenyewe. Ila aje baada ya alasiri, asubuhi mzee analala, na asimwite mwanamuziki mstaafu, ananuna.

Mpiga fidla ya pili,
Ng'ambo, Zanzibar