Barua kwa Mama Hamisi

Bombo, Luwero

Mpendwa Mama Hamisi,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi hatujambo, na tunatumaini nanyi huko Arua ni wazima. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na neno "mvivu" ambalo mwalimu amempachika Hamisi limeniuma sana.

Mtoto anayesimulia hadithi ya bibi yake mwanzo hadi mwisho, lakini akifungua kitabu hukwama kwenye kila silabi na bado huchanganya b na d akiwa darasa la nne, huyo si mvivu. Huenda ana disleksia, hali ambayo ubongo hupata taabu kuoanisha herufi na sauti zake, ingawa akili ya mtoto ni timamu. Mara nyingi hurithiwa, kwa hiyo muulize baba yake jinsi alivyosoma utotoni. Dawa ya kuiondoa haipo. Kinachosaidia ni kufundishwa sauti za herufi polepole na kwa mpangilio, na kupewa muda zaidi. Baraza la Mitihani la Uganda huwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu, ila ni lazima shule iombe mapema, basi usingoje afike darasa la saba.

Uliuliza pia kama ni usonji, yaani hali ya ubongo inayobadili jinsi mtu anavyowasiliana na wenzake na anavyohisi mambo yanayomzunguka. Kwa uliyoyaeleza, sidhani. Binti wa jirani yangu anao: mvua ikipiga mabati huziba masikio na kulia kwa maumivu ya kweli, na ukimbadilishia kikombe chake hanywi chai. Watu walisema amerogwa, na mama yake akazungushwa kwa waganga huku mtoto akikosa msaada, jambo linalonihuzunisha hadi leo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 takriban mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Hao wote hawakurogwa. Ama yule asiyetulia kitini, anayedakia maneno na kusahau alichotumwa kabla hajafika mlangoni, huenda ana ADHD, yaani hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kutulia na kuzingatia, na viboko havimfundishi kutulia. Hali hizi huweza kumpata mtu mmoja kwa pamoja.

Kwanza Hamisi apimwe macho na masikio. Kisha uende shuleni na daftari lake, umwombe mwalimu amuulize maswali yale yale kwa mdomo, asikie mwenyewe anavyojibu. Niandikie atakachosema.

Rafiki yako,
Mama Rukia