Kwa nini godauni la zamani hatulipigi plasta ya simenti

Kuna mteja wetu hapa Kigoma anasema mjini kwamba tumemwibia. Tumemtoza hela ya kubandua plasta ya ghala lake la zamani, hela ya chokaa, na bado akasubiri, wakati fundi mwingine alimwahidi kumaliza kwa simenti ndani ya wiki. Si wa kwanza kulalamika, basi tujibu mara moja.

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na maghala ya zama hizo ndiyo mnayotaka sasa yawe migahawa na ofisi. Mengi tuliyoyashika yana kuta nene zilizojengwa kwa chokaa, na chini hakuna kizuizi cha unyevu. Maji hupanda kutoka ardhini, kisha hutokea kwenye viungo vya chokaa na kukauka. Ukiziba kwa simenti, unyevu hupanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, na chumvi iliyokuja na maji inabaki nyuma ya plasta. Mvua zikipita, rangi inavimba. Gonga kwa mpini wa mwiko: ko, ko, ndani patupu.

Ghala moja tulilikuta limepigwa simenti, juu yake rangi ya mafuta. Unga mweupe wa chumvi ulikuwa umetoka hadi usawa wa kiuno, na tofali zikimeguka kama biskuti. Simenti ile tulipoibandua iliondoka na uso wa tofali. Mwenyewe alilipa mara mbili, na mara ya pili ndiyo iliyouma.

Chokaa haikimbizwi. Kila tabaka linasubiri lenzake likomae, na jua likiwaka tunafunika kwa magunia mabichi. Fundi anayenyunyiza maji tu siku nzima naye analipwa, jamani.

Ghorofa inayoongezwa ndani ya ghala nayo ina vita vyake. Mnataka tutoboe ukuta tuchomeke mihimili ili kuokoa hela ya nguzo. Hapana. Fremu yetu ya chuma inasimama kwa nguzo na misingi yake, mbali kidogo na ukuta, imefungwa kwa bolti. Ukuta wa zamani usibebeshwe mzigo ambao haukujengewa.

Ukitaka bei, usipake kitu kwanza, hata niru ya kulainisha ukuta. Tuje tugonge ukuta mzima na tupande kuangalia kenchi, zile mbao zinazobeba paa. Zikiwa hazijaliwa na mchwa, utaokoa hela ya dari ya jipsamu: tunazisafisha, tunaziacha zionekane.