Ngome ya pembe tatu

Shosti Zuhura,

Mambo? Najua unanidai barua kitambo, basi leo nalipa. Jumamosi nilienda Caerlaverock, kusini mwa Scotland karibu na Dumfries, na tangu nirudi naongelea ngome tu mpaka watu wa nyumbani wamenichoka.

We, ina pembe tatu! Kama sambusa haki ya Mungu. Mawe mekundu, handaki lake mpaka leo lina maji, na getini kuna minara miwili pacha. Ng'ambo ya hori la Solway ni England, yani jamaa walijenga mlangoni kwa adui kabisa.

Sasa sikia, mwaka 1300 Edward wa Kwanza wa England akaja na watu kama 3000, na ndani unajua walikuwa wangapi? 60 tu! Wakakaza siku mbili hivi, wanarusha mawe kutoka juu, mpaka mitambo ya mfalme ilipozidi kuwatwanga ndo wakasalimu amri. Kuna shairi la Kifaransa la enzi hizo linataja mabwana wa jeshi na bendera zao mmoja mmoja kama emsii wa harusi, eti mfalme akawasamehe na kila mtu akapewa nguo mpya, lakini watawa wa Lanercost kule England wameandika wengi walinyongwa. Mi nawaamini watawa, shairi la kumsifu mfalme ulitaka liseme nini?

Kilichoniuma ni mwenye nyumba mwenyewe, Eustace Maxwell. Alianza akiishika kwa niaba ya Waingereza, alafu miaka kama 12 baada ya mzingiro ule kahamia kwa Robert Bruce, mfalme wa Scotland, na kwa kuogopa Waingereza wasije wakaitumia tena akaibomoa kwa mkono wake. Nyumba yako mwenyewe jamani!

Ukoo ukajenga tena. 1634 Robert Maxwell akaongeza jengo la kifahari ndani, madirisha yana nakshi juu yake we acha tu, kumbe anakula raha miaka sita, 1640 Waprotestanti wakaizingira wiki 13, walipoichukua wakaangusha ukuta wa kusini. Mpaka leo upande huo uko wazi, umesimama uani kando yako nakshi, mbele yako nyasi tupu.

Nilikaa hapo nikala chapati zangu za baridi. Picha nakutumia kesho, ile ya madirisha usiikate. Msalimie mama.

Wako,
Mwana