Barua ya Malalamiko: Mmemwanika Muuaji wa "Erased" Kabla Mtazamaji Hajaanza Kumtafuta

Mteja wa kila mwezi,
Tanga, Tanzania.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya kuonyesha filamu na tamthilia mtandaoni.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU NAMNA MNAVYOIONYESHA ANIME YA UPELELEZI "ERASED"

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mteja wenu ninayelipia huduma kila mwezi kwa simu, na sehemu kubwa ya muda ninaoutumia kwenu huishia kwenye anime, yaani tamthilia za katuni za Kijapani. Nawaandikia kulalamika kwamba ukurasa mliouandaa kwa ajili ya "Erased", ambayo kwa Kijapani inaitwa "Boku dake ga Inai Machi", unamfichulia mtazamaji muuaji ni nani kabla hajabonyeza kuanza sehemu ya kwanza.

Mtu akifungua ukurasa huo kwenye programu yenu ya simu, orodha ya sehemu zote 12 hujipanga mbele yake, kila moja ikiwa na picha ndogo na muhtasari. Picha mliyoiweka kwenye sehemu ya kumi ni ya uso wa mhalifu katika dakika ileile anapojulikana, na muhtasari ulio chini yake, tena kwa Kiswahili fasaha kabisa, unamtaja kwa kazi anayoifanya. Mimi nilikwisha kuitazama tamthilia hii zamani. Aliyepoteza ni mpwa wangu, ambaye nilimsihi asisome chochote kuihusu wala asiulize wenzake, naye akanisikiliza. Jibu alilolikwepa kila mahali alikutana nalo kwenu, mahali alipokwenda kulitafuta kwa haki na kwa kulipia. Anayetega kitendawili hatoi jibu kabla wasikilizaji hawajampa mji, nanyi mmelitoa hata kabla ya kutega.

Katika barua hii sitamtaja mhalifu huyo, kwa sababu naamini itapita mikononi mwa watu ambao bado hawajaitazama. Naomba hata hivyo mnivumilie nieleze uzuri na upungufu wa kazi yenyewe, kwa kuwa kosa lenu limeangukia hasa pale ambapo tamthilia hii ni dhaifu, na bila kuupima udhaifu huo mtaona nalalamikia picha ndogo tu.

"Erased" ilionyeshwa Japani kuanzia Januari hadi Machi 2016, ikiwa imetengenezwa na studio ya A-1 Pictures chini ya mwongozaji Tomohiko Itō, kutokana na katuni ya vitabuni ya Kei Sanbe iliyoanza kuchapishwa 2012. Mhusika mkuu, Satoru Fujinuma, ana miaka 29, anapeleka piza majumbani, na ndoto yake ya kuwa mchoraji wa katuni imekwama. Ana uwezo asioutawala wa kurudishwa nyuma dakika chache ili azuie balaa linalokaribia kutokea. Mama yake, Sachiko, anapouawa kwa kisu na yeye mwenyewe akashukiwa, anarudishwa nyuma si kwa dakika bali hadi Februari 1988, akiwa mtoto wa shule ya msingi huko Hokkaido, muda mfupi kabla ya mwanafunzi mwenzake Kayo Hinazuki kutekwa na kuuawa.

Nguvu kubwa ya kazi hii imo katika Kayo. Ni mtoto anayepigwa na mama yake, na waandishi hawakumtumia kama chambo cha kumliza mtazamaji. Wamemwonyesha jinsi anavyojibu kwa mkato, anavyozificha alama zake za kipigo na anavyojifunza polepole kumwamini mtu. Katika sehemu ya nane, baada ya kulala nyumbani kwa akina Satoru, anaamka na kukaa mbele ya meza ambayo Sachiko ameiandalia chakula cha asubuhi cha kawaida tu. Anakitazama chakula hicho, anazikumbuka asubuhi za kwao, kisha machozi yanamtoka. Hakuna mtu anayehubiri. Sijaona tamthilia nyingi za upelelezi, za kuchorwa au za kuigizwa, zinazoweza kusimama kwa muda kama huo katikati ya msako wa muuaji na bado mtazamaji asihisi kwamba hadithi imesita. Baadaye tunaonyeshwa kwamba hata mama yake Kayo alipitia kipigo cha mumewe. Hilo halimsafishi, lakini linamfanya awe mtu badala ya zimwi.

Sachiko naye ni miongoni mwa wazazi walioandikwa vizuri zaidi niliowahi kuwaona katika anime: ana macho makali, husema kidogo, na huelewa mengi kuhusu mwanawe bila kuambiwa. Ufundi wa picha nao unasaidia, kwani matukio ya 1988 yamewekewa mikanda myeusi juu na chini ya kioo, hivyo jicho linajua limehamia wakati mwingine bila maandishi yoyote kulieleza. Muziki wa Yuki Kajiura unajua kunyamaza panapotakiwa.

Upungufu wake pia ni wa kweli. Kama fumbo, "Erased" ina washukiwa wachache mno. Watu wazima wanaopewa nafasi ya kutosha wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na mtazamaji aliyezoea hadithi za upelelezi humwekea mtu wake alama mapema, wakati mwingine kabla ya nusu ya tamthilia. Uwezo wa Satoru wa kurudi nyuma hauelezwi unatoka wapi, jambo ambalo mimi naweza kulikubali, ila unaacha kufanya kazi pale tu inapoifaa hadithi. Sehemu mbili za mwisho zinakimbia: mambo ambayo katuni ya vitabuni inayasimulia kwa utulivu yamebanwa au kuachwa, na makabiliano ya mwisho yamepelekwa kwenye paa la hospitali, yakatatuliwa kwa mpango ambao mtazamaji hakupewa nafasi ya kuushuku wala kuupima. Airi, binti pekee aliyemwamini Satoru alipokuwa akisakwa na polisi, anaondoka kwenye hadithi kwa muda mrefu kuliko anavyostahili, na anaporejea hakuna nafasi iliyobaki kwa ajili yake.

Sasa, Ndugu Meneja, kinachoushinda upungufu huo ni shaka. Mtazamaji anaweza kumshuku mtu fulani tangu sehemu ya nne, lakini maadamu hana uhakika, kila tabasamu la mtu huyo na kila msaada anaoutoa vinabaki na sura mbili, na wasiwasi huo ndio unaoibeba tamthilia hadi sehemu ya kumi. Waandaaji walijua kwamba fumbo lao ni jembamba, kwa hiyo waliwekeza katika kumfanya mtazamaji atamani kukosea. Picha yenu na muhtasari wenu vimeiondoa shaka hiyo, na kilichobaki kwa mpwa wangu ni kusubiri jambo analolijua. Aliacha kutazama kabla ya kufika kwenye meza ile ya asubuhi, na hilo ndilo lililonisukuma kuandika.

Kuna jambo jingine linalotokana na uzembe uleule. Programu yenu huruka wimbo wa ufunguzi yenyewe kuanzia sehemu ya pili, na sikuona mahali pa kuizuia. Katika tamthilia nyingi hasara hiyo ni ndogo. Katika hii, kuelekea mwisho, picha za ufunguzi hubadilishwa na Satoru huondolewa humo, nafasi aliyokuwa akisimama ikibaki tupu, jambo linalokwenda sambamba na jina la Kijapani la tamthilia, ambalo maana yake ni mji ambao mimi peke yangu simo. Walioichora walikusudia ionekane, na mteja wenu hapewi nafasi ya kuiona.

Tena mmeiweka tamthilia hii kwenye ukurasa wa watoto, bila shaka kwa sababu imechorwa. Ina mauaji ya watoto, mama anayemjeruhi bintiye, na mwanamke aliyechomwa kisu nyumbani. Mtoto wa darasa la tatu hapaswi kuikuta kati ya hadithi za wanyama, na mzazi anayeziamini alama zenu hana namna ya kujua kilichomo. Hili nawaomba mlishughulikie leo, kabla ya mengine yote.

Kuhusu mengine, ninaomba picha ya sehemu ya kumi ibadilishwe, na muhtasari wa sehemu hiyo pamoja na wa sehemu mbili zinazofuata uandikwe upya na mtu aliyeitazama tamthilia yote na anayejua ni nini hakipaswi kusemwa. Ninaomba pia mteja apewe uamuzi wa kuruka au kutoruka wimbo wa ufunguzi. Kwa kuwa nimeona picha za namna hiyo kwenye anime nyingine mbili za upelelezi mlizonazo, ambazo majina yake nimeyaambatisha, ni vyema mkazipitia zote za aina hii badala ya kurekebisha moja na kuziacha nyingine.

Sidai kurudishiwa ada. Nataka kujibiwa kwa maandishi mtakachofanya na lini, ili nijue kama naweza kuendelea kuwapendekezea wengine huduma yenu kwa ajili ya hadithi za aina hii.

Wenu katika kusubiri majibu,

Mteja
(Jina, namba ya akaunti na picha za ukurasa husika zimeambatishwa.)