Kauli ya Rais si sheria

Mhariri,

Nalisoma gazeti lenu tangu nikiwa mwalimu kijana, na miaka yote hiyo sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Nimeudhika mara nyingi, nikalikunja, nikaenda zangu shamba. Safari hii nimeshindwa. Ile makala ya mchambuzi wenu kuhusu madaraka ya Rais na ya Bunge nimeisoma mara mbili, mara ya pili kalamu ikiwa mkononi. Pale alipoandika kwamba Rais akishatamka basi nchi imepata sheria, na kwamba Bunge kazi yake ni kuchelewesha mambo, nilipiga mstari mpaka karatasi ikachanika.

Mfano aliouchagua ni korosho zetu za msimu wa 2018. Anasema mkulima wa Kusini aliokolewa na kauli, wala si na Bunge. Laiti angefika Newala akatuuliza.

Kweli iliyopo naikubali. Oktoba ile tulizikataa bei za mnada, maana msimu uliotangulia kilo ilikuwa imefika shilingi 4,000. Tarehe 12 Novemba Hayati Rais Magufuli akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kilo, na Jeshi litazisomba. Tulishangilia. Nilikuwa barazani kwa jirani, redio iko juu ya kinu kilichopinduliwa, nami nilishangilia pamoja na wenzangu. Bei ilikuwa nzuri. Mchambuzi ameishia hapo hapo, kwenye shangwe.

Mimi nilikuwa nimeshapeleka ghalani kilo 1,640, daraja la kwanza. Kwa bei iliyotangazwa hizo ni shilingi 5,412,000 kabla ya makato. Stakabadhi yangu niliikunja nikaiweka ndani ya kitabu cha hesabu cha kidato cha pili, kwa sababu ndicho kitabu ambacho hakuna mtu nyumbani kwangu anayekigusa. Kisha tukaambiwa kwamba mwenye zaidi ya kilo 1,500 lazima akahakikiwe shambani, isije ikawa ni mtu wa kangomba, yaani mlanguzi aliyenunua kinyemela kwa wenzake. Sikatai, kangomba imewala watu wetu miaka mingi. Wakaguzi wakaja, vijana watatu na askari mmoja. Wakahesabu mikorosho ya shamba la karibu, wakaandika. La pili ni la marehemu baba, liko bondeni, na kwenye daftari la kijiji bado lina jina lake. Wakasema halinihusu. Nikawaambia mikorosho ile niliipanda naye nikiwa mtoto, na palizi ya kila mwaka naifanya mimi, waulizeni majirani waliosimama pale. Mkubwa wao akanijibu kwa upole kabisa: «Mwalimu, haya ni maagizo kutoka juu.» Nikamuuliza maagizo hayo yameandikwa wapi, nisome na mimi, maana kusoma ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Akatazamana na wenzake. Hakuwa na karatasi. Hakukuwa na tangazo, hakukuwa na kifungu, hakukuwa na mahali pa kukata rufaa. Nilikwenda ofisi moja wakanituma nyingine, kule wakaniambia rudi ulikotoka, na kila niliyemkuta mezani alinyoosha kidole juu darini kana kwamba huko ndiko inakokaa sheria. Binti yangu alianza kidato cha tano Julai iliyofuata kwa fedha ya kukopa, na mama yake aliuza mbuzi wote wanne. Nilipolipwa, nililipwa kilo za shamba moja.

Mhariri, sisemi Rais asiwe na nguvu. Katiba yetu imempa nguvu nyingi, na nimeifundisha miaka 31. Ibara ya 37 inasema halazimiki kufuata ushauri wa mtu. Lakini ibara hiyo hiyo inaanza kwa kumfunga na Katiba na sheria za nchi, na huo mwanzo ndio mchambuzi aliouruka. Ibara ya 62 inasema Bunge lina sehemu mbili, Rais na Wabunge. Kwa hiyo Rais akitaka sheria, hana haja ya kulikwepa Bunge, yeye mwenyewe ni sehemu yake. Apeleke muswada. Hata wabunge wakipitisha asichokitaka, Ibara ya 97 inamruhusu kukataa kutia saini na kuurudisha. Wakiurudia kwa theluthi mbili, ana siku 21 za kuukubali, la sivyo alivunje Bunge lenyewe. Mtu mwenye nguvu za namna hiyo ndani ya sheria, kwa nini mchambuzi anamtafutia nyingine nje ya sheria?

Wala Bunge silipambi. Juni 2018, miezi mitano kabla ya ile bei ya 3,300, ni Bunge hilo hilo lililotuumiza. Sheria ilikuwa imeweka kwamba asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi zinazokwenda nje irudi kwenye mfuko wa kuendeleza zao, ndiyo itoe salfa, miche na fedha za kituo cha utafiti wa kilimo kule Naliendele. Muswada wa Fedha wa mwaka ule ukaihamishia yote Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wa Kusini walisimama, wa CCM kwa wa CUF, wakapinga kwa sauti moja, na wakazidiwa. Niliumia sana siku ile, na salfa ya kupulizia ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, tangu hapo imekuwa wimbo wa kila Mei kwangu. Lakini siku yenyewe naijua. Kitabu cha Taarifa Rasmi za Bunge kipo, maneno ya kila aliyesimama yameandikwa humo, na mbunge wangu nilimuuliza ana kwa ana kwenye mkutano wa kijiji, akajibu mbele za watu jasho likimtoka. Sheria iliyotungwa vile inaweza kurudishwa mezani na kubadilishwa. Yale maagizo ya kutoka juu nitayapeleka wapi yabadilishwe? Nitamuuliza nani, na kwenye mkutano gani?

Mchambuzi amekimbilia Marekani, eti kule Rais anasaini amri kila siku na nchi inakwenda. Nimefundisha na historia. Mwaka 1952, wakati wa vita vya Korea, Rais Harry Truman aliona mgomo unakuja kwenye viwanda vya chuma, akatoa amri Serikali ivishike. Sababu yake ilikuwa nzito, askari walikuwa vitani na silaha zinahitaji chuma. Wenye viwanda wakaenda mahakamani, na Juni mwaka huo huo Mahakama ya Juu ya nchi ile, majaji sita kwa watatu, ikasema hana mamlaka hayo kwa sababu kutunga sheria ni kazi ya Kongresi. Truman akavirudisha viwanda. Huo ndio mfano wa Marekani ambao ungemfaa msomaji wa Mtwara, naye hakuugusa.

Na kuna jambo jingine linalonikera, nalo ni lugha. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria, Kiswahili kikawa ndiyo lugha ya sheria za nchi. Nilifurahi kama mtoto. Mpaka leo nikitaka kusoma Sheria ya Tasnia ya Korosho ya 2009 kwa Kiswahili, hapa nilipo sijaipata. Nimeuliza ofisini, nimeuliza maktaba, nimeuliza chama cha msingi, yaani ushirika wetu wa wakulima. Karani alinionyesha nakala moja ya Kiingereza iliyoliwa na mchwa pembeni. Mkulima ambaye hajawahi kuiona sheria kwa macho yake, akiambiwa imeamuliwa juu, atabisha kwa kutumia nini?

Ninachotaka ni hiki. Agizo lolote linalogusa zao, awe amelitoa Rais, waziri au mkuu wa mkoa, libandikwe kwenye mlango wa kila chama cha msingi kabla ya saa moja asubuhi siku ya mnada, kwa Kiswahili, herufi ziwe kubwa kama zile za ubao wa bei. Chini yake kiandikwe kifungu cha sheria kinachomruhusu aliyelitoa, na jina la ofisi ambayo mkulima anaweza kwenda kulipinga. Likikosa kifungu, karani asilitekeleze, na asiadhibiwe. Na kama jambo ni la dharura na sheria haipo, waziri apeleke muswada Dodoma kwa hati ya dharura. Njia hiyo ipo na huwa wanaitumia wanapotaka.

Stakabadhi yangu ya 2018 bado iko ndani ya kile kitabu cha hesabu. Mchambuzi wenu akifika Newala nitamtolea, halafu nitamuonyesha na mikorosho ya bondeni, aihesabu mwenyewe.

Mwalimu mstaafu,
Newala, Mtwara